Tamthilia ya fumbo ikijikokota, mtazamaji anasubiri nini?

Katika sehemu ya saba ya Twin Peaks, tamthilia ya Marekani iliyorejeshwa hewani mwaka 2017, kuna mtu anayefagia sakafu ya baa. Wateja wamekwisha kuondoka, muziki unapigwa, kamera imesimama mahali pamoja, na mtu huyo anasukuma taka kwa ufagio mpana, taratibu, bila kusema neno. Jambo hilo linaendelea kwa zaidi ya dakika mbili, muda ambao kwa saa ya ukutani si kitu, ila kwenye televisheni ni umri mzima. Waliokuwa wakitazama walikuwa wameisubiri tamthilia hiyo kwa robo karne, kwa kuwa awamu ya kwanza ilikatishwa Juni 1991 na kuacha maswali mengi yakiwa wazi. Sasa, baada ya subira yote hiyo, wanaonyeshwa ufagio. Wapo walioona kwamba huo ulikuwa ujeuri wa mwongozaji, David Lynch, na wapo walioona kwamba hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Mabishano ya aina hiyo huzuka kila tamthilia ya upelelezi inapochukua muda kufika inakokwenda. Upande mmoja hulalamika kwamba hadithi inajikokota. Upande wa pili hujibu kwamba mtazamaji wa siku hizi hana subira. Hoja zote mbili zina upungufu, na hasa ya pili, kwa sababu inaichukulia subira kuwa ni tabia ya mtu, kama ukarimu au uchoyo, ilhali mtu yuleyule huweza kukesha na saa kumi za tamthilia moja pasipo kunung'unika na akachoshwa na nyingine kabla saa ya pili haijaisha. Naona ni sahihi zaidi kuiita subira mkopo. Mtazamaji anakopesha muda wake, naye mtunzi anaupokea. La kuuliza ni iwapo mtunzi analipa, analipa kwa sarafu gani, na alikuwa ameahidi kulipa lini.

Kabla ya kufika huko, neno "polepole" lenyewe linahitaji kufumuliwa, maana linafunika mambo yasiyofanana. Picha inaweza kwenda polepole, kama ule ufagio. Matukio yanaweza kwenda polepole, yaani sehemu nzima ikapita bila jambo kubwa kutokea. Tena jibu linaweza kwenda polepole hata pale ambapo matukio yanakimbia. Lost, iliyorushwa na kituo cha ABC cha Marekani kuanzia mwaka 2004 hadi 2010, ni mfano mzuri wa hali hii ya mwisho: ndege inaanguka kisiwani, watu wanakimbizana msituni, mlango wa chuma unagunduliwa ardhini, mtu anakufa. Ukiipima kwa matukio, ni tamthilia yenye kasi kubwa. Hata hivyo malalamiko dhidi yake, hasa katika misimu ya kati, yalikuwa kwamba haiendi popote. Watazamaji hawakuwa wamechoshwa na utulivu, kwa kuwa utulivu haukuwepo. Walichoshwa na shughuli nyingi zisizosogeza swali hata hatua moja.

Ucheleweshaji, kwa upande wake, si kasoro ya hadithi za upelelezi. Ni mfupa wake. Mwaka 1966 mhakiki Tzvetan Todorov alieleza kwamba hadithi ya aina hii hubeba hadithi mbili ndani yake: ya kwanza ni ya uhalifu, nayo imekwisha tendeka kabla ya sisi kuingia, ya pili ni ya uchunguzi, nayo ndiyo tunayoitazama. Ile yenye matendo makubwa haipo mbele yetu, na ile iliyo mbele yetu kwa kweli haina matendo mengi zaidi ya watu kuulizana, kupekua na kukumbuka. Mtunzi anayajua yote tangu mwanzo, na kazi yake ni kutotuambia. Mhakiki mwingine, Roland Barthes, katika uchambuzi wake wa hadithi moja fupi ya mwandishi Mfaransa Balzac uliochapishwa mwaka 1970, aliorodhesha njia ambazo simulizi hutumia kuliweka jibu mbali: mtego unaompeleka msomaji kusiko, kauli yenye maana mbili, jibu la nusu, jibu linaloanza kutolewa kisha likakatizwa. Ukiondoa njia hizo zote, hadithi itakayobaki ni sentensi moja tu: fulani alimuua fulani.

Kwa hiyo mtazamaji anayedai asicheleweshwe kabisa anadai kitu ambacho asingekitazama. Lakini hilo halimpi mtunzi ruhusa ya kuchelewesha apendavyo.

Msaada mkubwa wa kutenganisha ucheleweshaji wenye faida na ule usio na faida unatoka kwa mwongozaji Alfred Hitchcock, ambaye katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut, yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1966, alitoa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wamekaa wakizungumza mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka: hadhira imepata mshtuko wa sekunde kumi na tano. Sasa chukua watu walewale na mazungumzo yaleyale, ila hadhira imeonyeshwa bomu mapema na inaiona saa ukutani: mazungumzo yaleyale yaliyokuwa ya kuchosha yanageuka kuwa dakika kumi na tano za taharuki. Kilichobadilika si mwendo. Kilichobadilika ni kiasi cha habari alichonacho mtazamaji. Taharuki, kwa maana hiyo, hulishwa na kujua; mtu asiyejua lolote hana cha kuhofia wala cha kutumainia.

Wanasaikolojia wamefika karibu na hapo kwa njia yao. George Loewenstein, katika makala yake ya mwaka 1994 kuhusu udadisi, aliuelezea udadisi kuwa ni hisia ya pengo kati ya tunachokijua na tunachotaka kukijua, na kwamba pengo hilo halionekani mpaka mtu awe ameshajua kidogo. Nani anayehangaika kutaka kujua kilichomo ndani ya chumba ambacho hajawahi kusikia kwamba kipo? Kwa mtunzi wa tamthilia maana yake ni kwamba kunyima peke yake hakujengi hamu. Ni lazima agawe, tena mara kwa mara, ili kila anachokigawa kionyeshe ukingo wa kile alichokibakiza. Tamthilia inayokaa sehemu nne bila kutoa kidokezo kipya haiongezi hamu kwa hizo sehemu nne, bali inaipunguza, na pengo linaanza kuzibwa na usahaulifu.

Hakuna mahali ambapo mambo haya yanaonekana waziwazi kama katika historia ya tamthilia moja iliyotengenezwa mara mbili. Mwaka 2007 shirika la utangazaji la Denmark, DR, lilirusha Forbrydelsen, iliyotungwa na Søren Sveistrup. Msichana wa miaka 19, Nanna Birk Larsen, ameuawa jijini Copenhagen, na mpelelezi Sarah Lund, ambaye alikuwa katika siku yake ya mwisho kazini kabla ya kuhamia Sweden, anajikuta haondoki. Kuna sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja ya uchunguzi. Siku ishirini kwa mauaji ya mtu mmoja ni mwendo wa kobe ukilinganisha na tamthilia za polisi ambazo humkamata mhalifu kabla ya saa moja kwisha. Zaidi ya hayo, sehemu hizo zilirushwa kwa mafungu mawili, kumi mwanzoni mwa mwaka na kumi baada ya mapumziko ya miezi kadhaa, maana yake watazamaji waliachwa njiani kwa muda mrefu, nao wakarudi.

Walirudi kwa sababu saa zile hazikuwa tupu. Tamthilia ina nyuzi tatu zinazosokotwa pamoja: polisi, wanasiasa wanaogombea uongozi wa jiji, na familia ya marehemu. Uzi wa familia ndio uliobadilisha aina nzima ya hadithi, kwa maoni yangu. Katika tamthilia nyingi za polisi wazazi wa marehemu huonekana mara mbili: wanapopewa habari, na muuaji anapokamatwa. Hapa tunakaa nao katikati, katika zile siku ambazo hakuna anayekuja kuwatembelea na habari mpya, wakijaribu kuwaeleza watoto wadogo waliobaki kilichompata dada yao, wakigombana juu ya mambo yasiyo na uhusiano na msiba ambayo yote yanahusu msiba. Huzuni haiwezi kuonyeshwa kwa haraka. Ukiiharakisha inakuwa taarifa ya huzuni. Hivyo mtazamaji aliyefungua televisheni kwa ajili ya jina la muuaji alikuwa akilipwa, kila wiki, kwa sarafu nyingine ambayo hakuiomba, na mwishowe nayo ikawa sababu ya kurudi.

Miaka minne baadaye kituo cha AMC cha Marekani kilirusha toleo lake, The Killing, likiwa limehamishiwa Seattle. Msichana sasa anaitwa Rosie Larsen, mpelelezi ni Sarah Linden, mvua hainyamazi, na matangazo yalijengwa juu ya swali moja tu: nani alimuua Rosie Larsen? Msimu wa kwanza wa sehemu 13 ulikwisha Juni 2011 bila jibu. Si hivyo tu, bali mwishoni kabisa ikaonekana kwamba huenda ushahidi dhidi ya mshukiwa aliyekamatwa umeghushiwa, yaani hata lile jibu la muda lilichukuliwa tena. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa, miongoni mwa wahakiki na watazamaji vilevile, na jina la muuaji lilipotolewa mwishoni mwa msimu wa pili, Juni 2012, wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ni rahisi kusema kwamba Wamarekani hawakuwa na subira ya Wadenmark. Tofauti ya urefu ipo, sehemu 26 dhidi ya 20, lakini sidhani kama sehemu sita ndizo zilizozua ghadhabu ile. Tena toleo la Marekani halikuwa bovu katika kila jambo; lilikuwa na uzi wa familia ulioigizwa vizuri sana, na pale baba wa marehemu anapompiga mwalimu asiye na hatia mpaka akapoteza fahamu, dhana potofu inalipiwa gharama ya kweli. Kilichovunjika ni ahadi. Mtu akikuuliza swali moja kwa herufi kubwa kwenye kila bango, kisha akakupa msimu mmoja wenye mwanzo na mwisho, amekuambia bila kusema kwamba mwisho wa msimu ndio siku ya malipo. Denmark walikatisha katikati ya kitu ambacho kilifahamika kuwa ni kimoja. Marekani walifika mwisho, wakaongeza muda wa deni bila kumshauri mkopeshaji.

Hapa pia pana somo la hesabu ambalo watunzi hulisahau, na linahusu washukiwa. Mtazamaji wa tamthilia yenye sehemu 20 anapomwona mtu akitiwa pingu katika sehemu ya sita, hahitaji ushahidi wowote kujua kwamba huyo siye, maana bado zimebaki sehemu kumi na nne. Saa anayoitazama mtazamaji inamwambia kile ambacho mpelelezi hakijui. Mshukiwa wa uongo, basi, hawezi kuishi kwa swali la "je, ni yeye?" peke yake. Ni lazima kuwepo jambo litakalobaki baada ya yeye kuachiwa: ndoa iliyovunjika, siri iliyofichuka, kipigo kisichoweza kurudishwa. Mshukiwa akiachiwa na kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa, sehemu alizozitawala zimekuwa za kujaza pengo, na mtazamaji hulijua hilo hata kama hana maneno ya kulieleza.

Kujaza pengo kuna sababu zake, na mara nyingi si uvivu wa mtunzi. Televisheni ya Marekani ilizoea misimu ya sehemu zaidi ya ishirini kwa mwaka, na tamthilia iliyopendwa iliendelea kwa muda wote ambao matangazo ya biashara yalilipa. Ni mazingira magumu kwa fumbo, kwa sababu fumbo lina mwisho ndani yake na biashara haina. Waandishi wa Lost waligonga ukuta huo katika msimu wa tatu, uliokuwa na sehemu moja iliyotumia muda wake mwingi kueleza asili ya michoro iliyo mkononi mwa mhusika mkuu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisubiri. Baadaye watayarishaji wenyewe waliitaja sehemu hiyo kama ushahidi kwamba walikuwa wanazunguka mahali pamoja. Mwezi Mei 2007 ABC ilitangaza jambo lisilo la kawaida kwa tamthilia iliyokuwa bado inatazamwa sana: itakwisha mwaka 2010, baada ya misimu mitatu zaidi ya sehemu 16 kila mmoja. Siku ya malipo ikawa imeandikwa. Iwapo malipo yenyewe yalitosha ni ugomvi ambao haujaisha hadi leo, lakini kwa kuwa mwisho ulijulikana, waandishi waliacha kulinda akiba na wakaanza kuitumia.

Twin Peaks ya kwanza ilipata ajali ya upande wa pili. Ilianza Aprili 1990 kwa maiti ya Laura Palmer iliyofungwa katika plastiki ufukweni, na kwa miezi kadhaa swali la nani alimuua lilikuwa gumzo. Lynch na mwenzake Mark Frost hawakuwa na haraka ya kulijibu, kwa sababu kwao swali lilikuwa mlango wa kuingilia mji mzima. Kituo kilishinikiza, na jibu likatolewa Novemba mwaka huohuo, katika msimu wa pili. Mlango ukafungwa. Zilizofuata ni sehemu nyingi za mji uleule, wenye watu walewale wa ajabu, ila sasa hapakuwa na kitu kilichowafunga pamoja, na watazamaji wakapungua mpaka ilipoondolewa. Wanaodai jibu haraka wanapaswa kuukumbuka mfano huu, ingawa nao una pande mbili: tamthilia ambayo hutegemea kabisa swali moja imejitia kitanzi, ama ilijibu ikafa, ama isilijibu ikachukiwa.

Ipo njia ya tatu, ya kusema mapema kwamba jibu halitakuja. The Leftovers ya HBO, kuanzia mwaka 2014 hadi 2017, inaanza na asilimia mbili ya watu wote duniani kutoweka kwa mara moja, kisha inatumia sehemu 28 kuwatazama waliobaki. Mtunzi wake mmoja, Damon Lindelof, alikuwa ametoka katika Lost akiwa na makovu, na safari hii hakumwahidi mtu maelezo. Ni tamthilia inayokwenda polepole sana katika mahali pengi, na sijui wengi waliolalamika kwamba walidanganywa.

Namna ya kurusha nayo imebadilisha mambo. Tangu Netflix ilipotoa msimu mzima wa House of Cards kwa siku moja mwaka 2013, tamthilia nyingi zimekuwa zikitazamwa mfululizo, na mwendo wa taratibu hupata maana nyingine pale sehemu inayofuata ipo umbali wa sekunde kumi. Wiki moja ya kungoja haikuwa muda mtupu. Watu walikisia, walibishana, walirudia kutazama, kwa hiyo sehemu tulivu ilipata nafasi ya kutulia ndani ya mtu. Ikitazamwa usiku wa manane kati ya sehemu mbili nyingine, sehemu hiyohiyo huonekana kama kizuizi njiani. Kwa upande mwingine, tamthilia yenye nyuzi nyingi zilizofungamana kama Dark ya Ujerumani, yenye sehemu 26 na familia nne katika vizazi mbalimbali, humfaa anayezitazama sehemu zake kwa kufuatana bila kungoja sana, kwa kuwa kumbukumbu ndiyo inayobeba mzigo. Nako kungojea kati ya misimu ni subira ya aina nyingine kabisa. Msimu wa kwanza wa tamthilia ya Severance ulikwisha Aprili 2022 kwa kukatizwa ghafla, na wa pili ukaanza Januari 2025, mgomo wa waandishi na waigizaji wa mwaka 2023 ukiwa mojawapo ya sababu. Huwezi kuuita muda huo taharuki, kwa sababu taharuki huishi kwa kumbukumbu ya mambo madogo, na miaka karibu mitatu huyafuta.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kuuliza atajuaje, akiwa katika sehemu ya tatu, iwapo aendelee kukopesha. Mimi hujiuliza jambo moja ninapozima televisheni: je, kuna kitu katika saa hii ambacho hakiwezi kurudishwa nyuma? Si lazima kiwe kidokezo. Inaweza kuwa mtu ninayemwona tofauti, uongo mdogo uliosemwa kwa mtu asiyestahili, au mahali ambapo sasa ninapajua kiasi cha kuhisi kwamba pameongezwa kitu. Kikiwepo, polepole hainisumbui. Kisipokuwepo mara mbili mfululizo, huacha, bila kujilaumu, hata kama kila mtu ananihakikishia kwamba itachangamka sehemu ya saba. Mvumilivu hula mbivu, lakini waliotunga methali hiyo walikuwa wamekwisha kuuona mti una matunda.

Ule ufagio nao niliupima hivyo, na mara ya kwanza nilikaribia kuuhukumu. Kisha simu ya baa inalia. Mtu aliye nyuma ya kaunta, ambaye muda wote huo alikuwa pembeni mwa picha akishughulika na mambo yake, anaipokea, na kutokana na upande wake wa mazungumzo tunaelewa kwamba anafanya biashara ya wasichana, na kwamba wawili aliowapeleka kwa mteja wana miaka 15. Anaongea kwa sauti ya mtu anayejadili shehena iliyokosewa. Karibu naye, sakafu imekwisha kufagiliwa ikawa safi.